Dhoruba Ikipita, Nani Ana Amri Nyumbani?

Mwananchi wa Uganda hahitaji kuelezwa dhoruba ni kitu gani. Nchi yetu imekaa juu ya Ikweta, kando ya Ziwa Victoria, na joto la mchana likutanapo na unyevu wa ziwa, mawingu hupanda haraka na kugeuka meusi kabla watoto hawajatoka shule. Vitabu vya kumbukumbu za dunia viliutaja mji wa Tororo kuwa ulisikia ngurumo kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka katika miaka ya 1967 hadi 1976. Yaani zaidi ya siku mbili katika kila siku tatu. Hata leo, misimu ya mvua inapofika, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, hakuna mwenye shamba asiyetazama juu alasiri.

Dhoruba yenyewe huwa fupi. Mara nyingi haimalizi hata saa moja. Lakini ikipita huacha nyuma yake mabati yaliyokunjamana, migomba iliyolala, nguzo ya umeme iliyoegemea mti, na nyumba iliyo gizani. Hapo ndipo makala haya yanapoanzia, kwa sababu hasara iliyoletwa na upepo wa nusu saa yaweza kuzidiwa kwa urahisi na hasara ya siku saba za kutojua lipi litangulie na lipi lifuate.

Kwa jamaa za wanajeshi na polisi liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Askari wa cheo chochote anajua kwamba mkuu akiondoka kikosini, hata kwa siku moja, amri huachiwa mtu anayejulikana. Hapana kikosi kinacholala bila mwenye amri. Lakini yawezekana askari huyo huyo, likizo yake ikiisha, akapanda basi kurudi kambini huku nyuma ameacha mke, mama mzee, watoto, ng'ombe na ekari mbili za mahindi, bila kusema ni nani atakayeamua siku paa litakapong'oka. Mbuzi hauzwi mpaka Bwana apige simu. Fundi haitwi mpaka Bwana akubali. Na Bwana hawezi kupatikana, kwa maana umeme umekatika na simu ya nyumbani imezimika.

USIKU WA KWANZA: HESABU WATU, SI MABATI

Tuchukue mfano wa boma moja kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale. Baba yuko kikosini Karamoja. Nyumbani yuko mkewe, mama mkwe wake, na watoto wanne. Nyumba kubwa ni ya matofali na mabati. Jiko ni kibanda cha udongo na nyasi nyuma ya nyumba. Ghala ya mahindi iko pembeni. Umeme ulifika miaka michache iliyopita, na tangu hapo mama huyu ana friji ya kuuzia soda na vifaranga mia moja vinavyopashwa joto kwa balbu. Dhoruba imekuja saa 12 jioni. Jiko limeanguka, mabati manne yameng'oka, mahindi yamelowa, na umeme haupo.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu watu. Mabati yaliyoruka hayaendi mbali, na anayeyakimbilia gizani hukutana na misumari, na pengine na radi. Wataalamu wa hali ya hewa wana kanuni iliyo rahisi kukumbuka: ngoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka nje. Radi haingoji mvua, wala haiondoki pamoja nayo.

Nchi yetu imekwisha kulipa ada kubwa kwa somo hili. Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Tarehe 2 Novemba 2024, watu 14 waliuawa na wengine 34 wakajeruhiwa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Katika misiba yote miwili watu walikuwa chini ya paa. Tusifikiri basi kwamba paa lolote ni kimbilio. Bati peke yake haliiti radi; hatari ni jengo lisilo na njia ya kuipeleka radi ardhini. Kibanda cha nyasi, banda lililo wazi na kivuli cha mwembe havimkingi mtu. Nyumba imara yenye nyaya za umeme na mabomba yaliyofika ardhini ni afadhali zaidi, mradi watu wakae mbali na swichi, mabomba na madirisha. Gari la bati lililofungwa vioo ni kimbilio zuri.

Na mtu akipigwa na radi? Hapa desturi zetu nyingi humwua aliyekuwa angeweza kupona. Wapo wanaoogopa kumgusa, wakisema kwamba radi bado imo mwilini mwake, au kwamba imetumwa na mtu na itamrudia amgusaye. Mwili wa aliyepigwa na radi hauna umeme uliobaki. Unaweza kuguswa mara moja. Aghalabu kinachomwua ni moyo uliosimama na pumzi iliyokatika, na kama hapumui ni lazima akandamizwe katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka mpaka msaada ufike. Askari anayefundishwa huduma ya kwanza kikosini asiliache somo hilo getini. Jioni moja ya likizo yatosha kumfundisha mke na mtoto mkubwa.

Hatari ya pili ya usiku huo haina kelele. Jiko limeanguka, watoto wanatetemeka, na mama anaona huruma. Anaingiza sigiri ya makaa chumbani, anafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia. Sigiri ipikiwe barazani, na ikiwa haina budi kuwa ndani kwa muda wa kupika, mlango na dirisha vibaki wazi, na itolewe nje kabla ya watu kulala. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha, hata kama mvua inanyesha.

Ya tatu ni taa. Nyumba iliyozoea balbu husahau adabu ya kibatari, ambacho wengi wetu tunakiita tadoba. Kiwekwe juu ya sahani pana yenye mchanga, mbali na chandarua na pazia. Kijazwe mafuta ya taa wakati kimezimwa na kimepoa. Kisitiwe petroli kamwe. Taa ndogo ya jua inayochajiwa mchana ni bora zaidi. Ni chombo ambacho mshahara wa askari unaweza kukinunua mara moja, kikahudumu miaka.

WAYA ULIOLALA SIO WAYA ULIOKUFA

Uganda imejenga umeme tangu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954. Mwaka 2024 lilizinduliwa bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kwa hiyo nyumba ya kijijini inapokaa gizani baada ya dhoruba, mara nyingi maji ya Nile hayakupungua. Nguzo moja ndiyo iliyoanguka. Njia ya umeme wa shamba ni ndefu, inapita vijiji vingi mmoja baada ya mwingine, na sehemu kubwa imebebwa na nguzo za mkalitusi. Mti ukilala juu ya waya katika kijiji cha kwanza, vijiji vyote vya mbele huingia gizani.

Jambo hili litufundishe subira, na litufundishe pia woga ulio wa akili. Waya uliolala katika majani waweza kuwa na umeme, hata kama nyumba zote zina giza. Na kama umekwisha kukatika, waweza kurudishwa wakati wowote bila onyo. Nyaya za njia kuu hubeba volti 11,000 au 33,000, na ardhi iliyolowa hueneza umeme kuzunguka mahali waya ulipoangukia. Watu na mifugo wakae mbali angalau meta 10. Ikiwa mtu amejikuta karibu nao, asikimbie kwa hatua ndefu. Aunganishe miguu na aondoke kwa kuiburuza taratibu, hatua ndogo ndogo, nyayo zisiachane.

Mama wa nyumba na azime swichi kubwa na kuchomoa friji na redio, kwa sababu umeme unaporudi unaweza kuja kwa kishindo na kuunguza vyombo. Mtu mmoja atumwe kwa mwenyekiti wa LC1, ili habari moja iliyo kamili, yenye jina la kijiji na la transfoma iliyo karibu, ipelekwe kwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea kazi ya kusambaza umeme tangu tarehe 1 Aprili 2025. Pale ambapo waya unahatarisha maisha, polisi waitwe kwa namba 999 au 112. Na polisi wetu wanajua kazi nyingine inayowangoja hapo: kulinda waya na vyuma vilivyoanguka visiibwe, kwani waya ulioibwa huongeza wiki za giza kwa kijiji kizima.

ASUBUHI: MAJI, CHOO, KISHA CHAKULA

Kulipopambazuka, mama wa boma letu anakuta kazi kumi zimemzunguka, na kila mmoja wa nyumbani anataka ianze ile aionayo yeye. Mtoto mkubwa anataka kupanda juu ya paa. Bibi anataka migomba iokolewe. Jirani anaita twende tukatazame mti ulioangukia kanisa. Hapa ndipo mwenye amri anapohitajika. Kazi zote ni za haki, lakini hazilingani kwa haraka.

Maji yatangulie. Mvua kubwa huosha mavi na takataka za kijiji chote na kuzipeleka kisimani. Maji yaliyokuwa safi jana yasiaminiwe leo. Yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja angalau, yafunikwe, na yapoe katika chombo hicho hicho. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni neema, lakini yale ya kwanza, yaliyoosha vumbi na vinyesi vya ndege, yamwagwe au yafulie nguo.

Kisha choo. Shimo lililojaa maji, au ambalo ardhi yake imeonyesha nyufa, lisitumiwe, na watoto wakatazwe kabisa kulikaribia. Choo cha muda kichimbwe upande wa chini wa kisima, umbali wa meta 30 au zaidi. Hiyo ni kazi ya kijana mwenye jembe ambaye alitaka kupanda paani.

Ndipo kifuate chakula, tukianza na kile kinachoharibika kwanza. Friji isifunguliwe ovyo. Ikifungwa vema hutunza ubaridi kwa muda wa saa nne hivi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kufika siku mbili. Soda zinaweza kungoja mwezi mzima. Nyama, samaki na maziwa haviwezi. Nyama ipikwe yote au ikaushwe juu ya moshi. Maziwa yachemshwe mara moja, na yatakayobaki yagandishwe yawe mtindi, kama bibi zetu walivyofanya kabla friji haijajulikana.

Vifaranga navyo havingoji. Katika wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Pasipo balbu, punguza nafasi yao kwa boksi la karatasi nene, ongeza takataka kavu za mbao chini, na uweke chungu chenye makaa yaliyofunikwa majivu, nafasi ya hewa ikiachwa juu ya banda na mtu akilinda. Vifaranga vyenyewe vitakwambia hali yao: vikisongamana na kulia, vina baridi, vikikimbia chungu na kuachama midomo, vina joto.

GHALA NA SHAMBA

Mahindi yaliyolowa ni hatari kuliko mahindi yaliyopotea, kwa sababu yaliyopotea hayaliwi. Punje iliyobaki na unyevu huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Wala tusijidanganye kwamba tutawapa ng'ombe: hupita katika maziwa na kurudi mezani kwa watoto.

Kwa hiyo ghala ifunguliwe siku ile ile jua linapotokea. Yaliyolowa yatengwe na makavu. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu, yageuzwe mara kwa mara na kufunikwa kabla ya mvua ya alasiri. Mahindi ya kuwekwa yafikie unyevu usiozidi asilimia 13. Pasipo mashine ya kupimia, chupa safi iliyo kavu na chumvi kavu hutoa msaada. Jaza punje mpaka theluthi ya chupa, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, tikisa vizuri, uache dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi, yarudi juani. Chumvi ikianguka chini yote, yamekaribia kufaa, wala haidhuru kuyaongezea siku moja ya jua.

Shambani pia kuna zamu. Mahindi machanga yaliyoinamishwa na upepo kabla ya kutoa mbelewele yaachwe. Mengi yatajiinua yenyewe kwa siku chache, na anayeyasimamisha kwa mikono huikata mizizi iliyosalia. Mahindi yaliyokomaa na kulala yavunwe kwanza, kwa kuwa gunzi linalogusa udongo uliolowa huoza upesi. Mgomba uliovunjika ukiwa na mkungu uliokomaa, matoke yapikwe au yauzwe wiki hiyo. Shina likatwe, lipewe ng'ombe au lifanywe matandazo, na machipukizi yafunikwe udongo. Migomba iliyosimama yenye mikungu mizito itegemezwe kwa miti yenye panda kabla ya dhoruba ya pili kufika.

Muhogo uking'olewa hauvumilii. Baada ya siku mbili au tatu huanza kuharibika. Umenywe, ukatwe na kuanikwa. Lakini hapa haraka ina mpaka wake. Muhogo mchungu una sumu, na ni lazima uvundikwe au kulowekwa na kukaushwa kwa desturi kamili kabla ya kusagwa. Mwezi Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa sababu ya unga wa muhogo wenye sumu. Njaa ya wiki moja isitufanye tufupishe kazi ambayo wazee waliipanga kwa siku nyingi.

Na unga utasagwa wapi, maadamu mashine ya kusaga imesimama? Nyumba yenye busara haikai bila unga wa siku saba katika chombo kilichofunikwa. Isiyo nao itamshukuru bibi aliyekataa jiwe lake la kusagia lisitupwe siku umeme ulipoingia. Wimbi na mtama husagika vizuri juu ya jiwe, na mahindi yaliyopondwa na kuchemshwa pamoja na maharage hayahitaji mashine. Katika siku kama hizi mkamwana hujifunza kwa mama mkwe bila kuona haya, na mama mkwe hujiona kuwa bado ana kazi katika nyumba. Hiyo nayo ni faida, tena si ndogo.

PAA LISIREJEE LILIVYOKUWA

Watu wengi hurudisha mabati yale yale kwa misumari ile ile katika matundu yale yale, kisha humlaumu Mungu mwaka ufuatao. Fundi aitwe, lakini mwenye nyumba ajue la kumwuliza. Je, mbao za paa zimefungwa ukutani kwa ukanda wa chuma au zimelazwa tu juu ya tofali? Upepo huingia chini ya baraza na kulinyanyua paa kutoka chini kwenda juu, wala hauliangushi. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kulishikilia. Je, misumari ni ile yenye kofia pana, nayo imepigwa juu ya mgongo wa bati na si bondeni ambako maji hupita? Je, kando za paa zina misumari ya kutosha? Na katika kununua bati, tukumbuke kwamba namba ndogo ndiyo bati nene: geji 28 ni nene kuliko geji 32, ingawa bei yake huumiza kwanza.

Miti ya kuzuia upepo ipandwe, lakini mbali na nyumba kuliko urefu itakaoufikia. Na kabla ya wiki kumalizika, vifuu, makopo na matairi yaliyojaa maji yamwagwe, maana mbu huweza kukua humo kutoka yai hadi kuruka katika siku saba hadi kumi na nne. Malaria ya mwezi unaofuata hupandwa katika kopo la leo.

AMRI IACHWE KWA MTU

Turudi sasa kwa mama wa boma letu. Tazama amefanya maamuzi mangapi ndani ya siku tatu: kupika nyama yote, kufungua ghala, kuvuna mahindi kabla ya wakati uliopangwa, kuita fundi, kuchagua bati. Hapana hata moja katika hayo linaloweza kungoja simu kutoka Karamoja. Lakini katika nyumba nyingi jambo lililo gumu kuliko upepo hutokea siku ya pili, shemeji anapofika kutoka kijiji cha jirani. Anatazama, anatikisa kichwa, kisha anaagiza ng'ombe auzwe ili bati zinunuliwe. Anasema kwa jina la kaka yake. Mke anajua kwamba ng'ombe huyo ndiye maziwa ya watoto na ada ya muhula ujao, na kwamba mbuzi wawili na akiba kidogo vingetosha. Lakini hakuachiwa neno. Mama mzee yuko kati ya mwanawe mmoja na mke wa mwanawe mwingine. Ng'ombe anauzwa kwa bei ya shida, na mnunuzi anaijua shida hiyo.

Kosa si la shemeji peke yake. Ni la yule aliyeondoka bila kukabidhi. Kikosini lingeandikwa kuwa ni uzembe.

Basi askari aketi na mwenzake jioni moja ya likizo, mbele ya mama mzee na ndugu mmoja anayeheshimiwa, aandike karatasi yenye mambo manne. La kwanza: katika dharura, mwenye amri nyumbani ni mke, na ndugu ni wasaidizi wake. La pili: ni mali ipi anayoweza kuiuza bila kuuliza, na ipi isiguswe. La tatu: fedha ya dharura iko wapi na ni kiasi gani. Wanajeshi wana chama chao cha akiba cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Lakini mkopo huchukua siku, na paa lililo wazi halingoji siku. Kiasi kidogo kiwe karibu, katika simu ya mke, kwa jina lake. La nne: simu ya nyumbani ikizimika, habari ipite kwa nani, namba mbili za majirani wenye umeme wa jua, namba ya mwenyekiti, na namba ya ofisini kambini. Na wakubaliane kwamba kimya cha siku mbili baada ya mvua kubwa si msiba, ili askari asiache lindo lake kwa hofu.

Kwa askari wa kike, ambaye mume ndiye anayebaki na shamba, karatasi ni hiyo hiyo; abadilishe jina tu.

Mke naye ana wajibu. Katika daftari la mtoto aandike hasara yote na siku yake: mabati mangapi, magunia mangapi, migomba mingapi. Nakala iende kwa mwenyekiti wa LC1, ipande hadi kata ndogo na wilaya, maana ofisi za maafa husaidia kwa orodha, si kwa kilio. Aandike pia kila alichouza na kila alichonunua. Mwenye amri hutoa hesabu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya amri na ubabe, na kila aliyevaa magwanda anaifahamu.

Dhoruba haitatuomba ruhusa mwaka huu wala mwaka ujao. Karatasi hiyo ya mambo manne haigharimu hata shilingi mia tano. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, juu kidogo, mahali maji ya mvua hayafiki. Na ya pili ikunjwe pamoja na kitambulisho cha askari, ndani ya mfuko wa shati.